Chumba cha Pareto

"Jumamosi ulijua. Leo Jumatatu hujui. Hapo katikati akili yako ilikwenda wapi?"

Mwalimu Zakaria, aliyetufundisha hesabu, hakuuliza kwa ukali. Ingekuwa afadhali angefoka, maana ukali nilikuwa nimeuzoea. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua kweli, chaki ikiwa mkononi, na mimi nimesimama mbele ya ubao wenye sehemu mbili za kujumlisha ambazo siku mbili nyuma nilizimaliza kabla yeye hajafuta vumbi la mikono yake. Nambari nilikuwa naziona. Niliweza kuzisoma moja moja, ila zilikataa kushikana, kama watu waliogombana wakaketishwa benchi moja. Nyuma yangu Bupe, aliyekuwa Mnyakyusa mwenzangu na kwa hiyo alijiona ana haki ya kunitania kuliko wengine, akasema chini chini, "Mvukuto leo haupulizi," na safu nzima ikainamisha vichwa kucheka. Mvukuto lilikuwa jina langu bwenini kwa sababu ya kifua changu. Nikamjibu mwalimu kwamba sijui. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na mitano, na jibu lile lilinitisha kuliko pumu yenyewe.

Mama Malita, mlezi wetu wa bweni shuleni, alifariki mwaka juzi, mwezi wa nne, akiwa na miaka tisini. Simu ilinikuta Mbeya nikianika nguo, na kesho yake nikapanda basi la Iringa, dawa yangu ya kuvuta ikiwa kwenye mfuko wa gauni. Njia nzima nilifanya ule mchezo wangu wa siku hizi ambao watoto wangu hawaujui: natafuta majina. Wasichana waliokaa safu ya mbele, wa safu ya pili, aliyekuwa akipiga kengele. Kufika Chimala, gari likisimama watu wanunue mchele, nilikuwa nimekwama kwenye jina moja, na moyo ulikuwa unanienda mbio kana kwamba nimeibiwa. Mwenzangu wa umri huu akisahau jina husema ni uzee, akacheka. Mimi najiuliza ni uzee au ni kifua. Swali hilo ninalo tangu shule ya kati, katikati ya miaka ya hamsini, na sijawahi kulitua.

Shule yetu ilikuwa kwenye milima ya kusini ya Iringa, mahali ambapo mwezi wa sita maji ya beseni yanaganda juu utando kama wa maziwa. Niko pale mwaka wa nne, darasa la nane, na hadi wakati huo pumu yangu ilikuwa kitu cha kuja na kuondoka. Mwaka ule ilikuja ikakaa. Ukungu wa mwezi wa pili ulishuka haukuinuka, na kila nikilala kifua kilianza kupiga mluzi, wasichana thelathini wanageuka vitandani, mmoja anasema jamani mfungeni mdomo, mwingine anasema mwacheni, mnataka afe. Mlezi wetu wa bweni alikuwa Mama Malita, Mhehe, mjane, ambaye sisi tulimwona mtu mzima sana na kumbe hakuwa hata na miaka thelathini. Ndiye aliyetuhesabu kila jioni kabla ya kufunga mlango. Na ndiye pia aliyesimamia chumba cha kukaushia pareto, kwa sababu shule ilikuwa na shamba la maua yale, na sisi ndio tuliochuma.

Kwa watu wa milimani kule, ugonjwa wa kifua una baba mmoja tu, naye ni baridi. Mtoto akikohoa husogezwa motoni, na akizidi kukohoa husogezwa zaidi. Mama Malita hakuwa na haja ya kumuuliza mtu. Jioni moja ya mwezi wa tatu, baada ya kutuhesabu, alinishika mkono, akanifunika blanketi lake mwenyewe, akanipeleka kwenye chumba chenye joto kuliko vyote katika shule ile. Kilikuwa chumba kirefu cha matofali, dirisha moja dogo limezibwa gunia. Chini kulikuwa na mtaro wa mkaa unaowaka polepole, na juu yake trei za waya zenye maua meupe yanayosinyaa kuwa ya rangi ya udongo. Alinitandikia mkeka na godoro la majani pembeni, mahali ambapo ukuta ulikuwa wa moto mpaka mgongo unalegea. Akaniambia kitu kingine kizuri: humu hakuna kiroboto wala kunguni hata mmoja, pareto imewamaliza. Nililia kwa raha. Nyumbani ningesema ndaga, yaani ahsante, nikasema ndaga, naye akajibu kwa Kihehe, na hatukuelewana neno ila tulielewana.

Akawa ananiletea na chakula kule. Wenzangu walikula ugali na maharage kwenye meza ndefu, mimi nilikula ugali na maharage kwenye trei iliyogeuzwa, ila juu ya maharage yangu aliongeza maziwa mgando, na siku moja alinitafutia ndizi za mbalaga, sijui wapi katika nchi ile isiyo na mgomba, akazichoma kwenye mkaa wa pareto zikawa na uchungu mdogo. Nilizila zote. Hakuna mtu mwingine pale aliyekumbuka kwamba nimetoka kwenye migomba. Nayasema haya mapema ili nitakayoyasema baadaye yasichukuliwe vibaya.

Kwa sababu akili ilianza kuniponyoka. Kwanza yalikuwa mambo madogo: naingia darasani nimesahau nilichotumwa, nasoma mstari nikifika mwisho mwanzo umekwisha kufutika. Mwandiko wangu ukabadilika, ukawa unatetemeka kama wa bibi kizee. Asubuhi kichwa kilikuwa kizito, na kabla ya mchana moyo ulikuwa unakimbia hata nikiwa nimekaa. Mimi niliyekuwa wa kwanza kwa hesabu miaka mitatu nikashuka mpaka wa kumi na tisa. Nikaanza kusikiliza watu wanasema nini. Jikoni, nikiwa nachambua maharage upande wa pili wa ukuta, nilimsikia mpishi mmoja akimweleza mwenzake habari ya mjomba wake. Alisema pumu ikikaa kifuani mwaka mzima huchoka kukaa hapo, hupanda kichwani. Mjomba alianza kwa kusahau mbuzi malishoni, akamalizia kwa kusahau jina la mkewe. Mwenzake akauliza, je, alipona. Mpishi akasema alipona pumu. Wakacheka wote wawili, nami nikabaki na maharage mkononi.

Hakuna kitu nilichowahi kuambiwa nikakikubali papo hapo, hata katekisimu. Lakini lile la mjomba lilinipata, kwa sababu sikuwa na la kulipinga. Nikaenda kwa dresa, yule bwana wa zahanati ya shule, mtu mwembamba aliyependa sana koti lake jeupe. Alikuwa akinipa vidonge vya aina mbili, kimoja asubuhi cha kufungua kifua, kingine jioni ili, kwa maneno yake, mwili utulie. Nikamuuliza kile cha asubuhi kinafungua nini hasa, na kama kinafungua kifua mbona mikono ndiyo inayotetemeka. Nikamuuliza cha jioni kinatuliza mwili tu au na kichwa pia.

"Wewe binti," akasema, "dawa inamezwa. Haihojiwi."

"Nikiimeza bila kuihoji nitajuaje imekwenda wapi?"

"Utajua ukiwa hai."

Alifunga dirisha lake. Siku ile ile nikaanza kuandika nyuma ya daftari langu la jiografia: nimelala wapi, nimemeza nini, kifua kikoje, na asubuhi nimekumbuka maneno mangapi kati ya ishirini niliyojipa jioni. Sikumwonyesha mtu. Niliona aibu, kama mtu anayempeleleza mgonjwa ambaye ni yeye mwenyewe.

Mwezi wa saba, wiki mbili kabla ya mtihani wa majaribio, kikatokea kitu. Chumba cha pareto kilipakwa chokaa, maua yaliyokauka yakaondolewa, na Mama Malita akanirudisha bwenini kwa siku nne. Siku hizo hizo dresa alikuwa amesafiri kufuata dawa, na kidonge cha jioni kikawa hakipo. Nilipiga mluzi kidogo, Bupe akalalamika kidogo, na Jumamosi nikaamka nikiwa na maneno kumi na nane kati ya ishirini. Ndiyo Jumamosi ile ya Mwalimu Zakaria. Nilitembea kwenda darasani kama mtu aliyeoshwa. Jumapili chokaa ikakauka, trei zikajazwa maua mapya, dresa akarudi, mimi nikarudi kwenye mkeka wangu wa joto na kidonge changu. Jumatatu nilisimama mbele ya ubao.

Kwa hiyo swali la mwalimu nilikuwa na nusu ya jibu lake, na nusu ile ilinitesa. Vitu viwili vilikuwa vimebadilika pamoja, chumba na kidonge, na mwenye kufikiri sawasawa hawezi kulaumu kimoja. Nikajaribu kuvitenganisha. Kidonge cha jioni nikakificha chini ya ulimi, nikakitema kwenye mkaa. Siku ya pili bila kidonge, jua halijachomoza, kifua kilijifunga mle chumbani kama mfuko uliokazwa kamba. Mama Malita alinikuta nimekaa, mikono magotini, midomo imebadilika rangi. Alinibeba mgongoni mpaka nje kwenye umande, na huko nje, kwenye baridi ile ile iliyosemwa kuwa ndiyo adui, pumzi ikaanza kurudi. Niliona yeye naye ameliona hilo. Mimi niliona nimeambiwa nichague, pumzi au akili, na mtihani ulikuwa umebakiza siku tisa.

Sheria ya Bibi Mkuu, yule mzungu mrefu aliyeongoza shule, ilijulikana: atakayeshindwa mtihani wa majaribio hatafanya ule wa Novemba, na atarudi kwao. Kwetu wakati ule msichana aliyerudishwa darasa la nane hakuwa anarudi shule. Alikuwa anarudi kuolewa. Nilipomaliza kuhesabu siku nilikwenda kumkuta Mama Malita akigeuza maua, nikamwambia nataka kulala bwenini, na nikamwambia kwa nini.

Aliendelea kugeuza trei nzima kabla hajanitazama.

"Nimekupa moto," alisema. "Nimekupa blanketi langu. Kila jioni nasema idadi imetimia wakati mmoja hayupo. Leo unaniambia moto wangu unakula akili?"

"Sijasema moto, mama. Nimesema labda moto, labda maua, labda kidonge. Haya maua yanamuua kiroboto kwa kumtetemesha. Na mimi natetemeka."

"Wewe ni kiroboto?"

"Sijui. Ndiyo maana nauliza."

"Unauliza sana, mwanangu. Kwetu mtu aliyepewa mahali pa joto anasema ahsante."

"Nilisema ahsante mwezi wa tatu."

Jibu lile lilikuwa la kweli na lilikuwa baya. Nililiona usoni kwake. Ningeweza kwenda kwa Bibi Mkuu moja kwa moja, lakini kulikuwa na sheria nyingine, ya kwamba mwanafunzi asilale penye moto, na mlezi aliyedanganya hesabu ya jioni asingebaki na kazi. Mama Malita alikuwa na binti mdogo, Eliza, aliyeachwa kwa bibi yake, na mshahara ule ndio uliomlisha. Nikanyamaza, nikarudi kwenye mkeka na kidonge changu. Siku tisa zile sina kumbukumbu nazo isipokuwa harufu.

Mtihani nikaufanya, na hesabu sikumaliza hata nusu. Matokeo yalibandikwa Ijumaa jioni ukutani, na Jumamosi asubuhi, baada ya kengele ya pili, niliitwa ofisini. Nilikuwa nimeshafunga sanduku langu. Bibi Mkuu alikuwa na Kiswahili cha polepole, kila neno limenyooshwa. Aliniuliza habari ya kifua nikamjibu. Aliniuliza kama nasoma jioni nikamjibu. Kisha akaniuliza nalala wapi.

Nimefikiria swali lile miaka mingi. Ukweli ungeniokoa: ningesema chumba cha pareto, angeelewa kwa nini nimeanguka, lawama ingehama kutoka kwangu. Niliona mbele yangu lile blanketi. Nikasema, "Bwenini, Bibi. Kitanda cha tatu kutoka mlangoni."

Aliweka kiganja juu ya karatasi iliyokuwa mezani, akaisogeza kidogo upande wake. Halafu akasema nitaufanya mtihani wa Novemba, na kwamba kwanza nitapelekwa Tosamaganga, kwenye hospitali ya misheni, nikaonwe na daktari, Wakatoliki au si Wakatoliki. Jioni ile Mama Malita, kabla sijamwambia lolote, alinionyesha kitanda changu bwenini, karibu na dirisha, na akalifungua dirisha kwa mkono wake. Nikadhani maneno yangu ya siku ile yamemwingia. Kule Tosamaganga daktari alisikiliza kifua changu mbele na nyuma, akavitazama vidonge vya jioni kwenye kiganja changu, akaviweka mfukoni mwake na hakunirudishia. Alinipa vingine. Sikupona; pumu haikuwahi kuniacha. Lakini kufikia Septemba nilikuwa napata maneno kumi na sita, kumi na saba, na Novemba nilikaa kwenye dawati nikamaliza karatasi zote. Katika wasichana wanne waliofaulu kuendelea, wa tatu nilikuwa mimi. Bupe alikuwa wa kwanza, na mpaka leo akinipigia simu hunikumbusha.

Mwisho wa muhula wa Agosti Mama Malita aliondoka. Tuliambiwa amepata kazi Makongolosi, anakwenda kuwapikia wachimba dhahabu, na bwenini tulitania kwamba amefuata dhahabu na atarudi na meno ya kung'aa. Aliondoka wakati tuko shambani. Hakuniaga, nami nilikasirika, kwa sababu nilijiona nimemwokoa na mtu aliyeokolewa angalau huaga.

Baadaye nilisoma, nikafika chuo kikuu kule Kampala, na kila mwalimu wa elimu ya mwili wa binadamu aliyekuwa na bahati mbaya ya kukaa karibu nami alikutana na swali langu: pumu inafanya nini kwenye ubongo? Wa kwanza alisema haifanyi kitu. Wa pili alisema usingizi uliokatikakatika humpumbaza yeyote. Niligundua mwenyewe kwamba vidonge vya jioni vya zama zile mara nyingi vilichanganywa na dawa ya usingizi, ya aina inayofuta kumbukumbu mpya kabla haijakauka, na kwamba vya asubuhi ndivyo vilivyokimbiza moyo na mikono. Siku hizi nasikia wataalamu wakisema jambo ambalo mpishi wetu angelifurahia: kwamba kifua kilichowaka hutoa kemikali zake kwenye damu, na huenda nyingine hufika kichwani zikagusa hamu, usingizi na kumbukumbu. Wanasema huenda. Hawajamaliza kubishana, nami sitaki wamalize kwa haraka ili tu kunituliza. Katika daftari langu la jiografia kulikuwa na sababu tatu au nne, zote zikisukumana, na sikuwahi kupata siku za kutosha kuzitenganisha. Ndiyo maana mpaka leo jina likinipotea natulia kwanza, nasikiliza kifua, halafu ndipo naogopa.

Nilikutana tena na Mama Malita Mbeya mjini, mimi nikiwa mwalimu mwenye watoto wawili, yeye akiuza mchele wa Chimala sokoni. Alinitambua kwa kikohozi kabla hajaniona uso. Tukawa ndugu. Kila Jumamosi nilinunua mchele kwake hata nikiwa nao, tukaongea habari za Eliza, za bei, za baridi. Nilimwambia siku moja, kwa majivuno nisiyoyaficha, jinsi nilivyomdanganya Bibi Mkuu kwa ajili yake. Alipepeta mchele mara mbili tatu, akasema, "Ahsante, mwanangu. Ulinilinda." Akanizidishia kipimo. Nilirudi nyumbani nimeridhika na nafsi yangu kwa namna ambayo sijawahi kuridhika na shahada.

Msibani, siku ya tatu, tulikaa jikoni na Eliza, ambaye naye sasa ni bibi, tunamenya viazi vya watu waliobaki. Tulikuwa tumesalimiana kamwene, kamwene, tumelia ya kulia. Aliniuliza kama ni mimi yule wa pareto. Nikasema ndimi, nikaanza kumsimulia habari ya ofisini, nalala wapi, kitanda cha tatu. Akanisikiliza mpaka mwisho kwa adabu, kisha akasema mama yake aliisimulia hadithi hiyo kila mwaka maua yakichanua, ila yeye aliianzia mapema kidogo. Asubuhi ile ya Jumamosi Mama Malita alikuwa ameingia ofisini kabla ya kengele ya kwanza. Alisema mtoto amelala kwenye pareto miezi minne, kwamba amemwona akipata pumzi nje kwenye umande, kwamba kosa ni lake na mtihani uliharibiwa na yeye, na akaomba mtoto asirudishwe kwao. Bibi Mkuu alikubali, kwa sharti moja. Karatasi niliyoiona chini ya kiganja chake nilipokuwa nikisema nalala bwenini ilikuwa barua ya Mama Malita ya kuacha kazi, na alama ya kidole gumba chake ilikuwa bado haijakauka.